Taa za Trela Hazijaribiwi Moja Moja

Kabla ya lori kutoka Bandari ya Dar es Salaam kushika njia ya Tunduma, au kutoka Mombasa kuelekea Malaba, dereva makini hukagua mengi: upepo wa matairi, oili, breki, kamba za turubai, karatasi za mzigo. Zamu ya taa ikifika, ukaguzi hupungua ghafla. Dereva hupiga indiketa ya kushoto, utingo aliyesimama nyuma hujibu kwamba inawaka, hupiga ya kulia, inawaka, hukanyaga breki, inawaka, safari inaanza. Nadai kwamba jaribio hilo, hata likifanywa kwa nia njema, haliwezi kufichua hitilafu iliyo ya kawaida zaidi katika trela. Linaipima kila taa ikiwa peke yake, ilhali barabarani usiku taa hufanya kazi kwa pamoja, tena zote hutegemea njia moja ya kurudishia umeme.

Umeme wa taa ni safari ya kwenda na kurudi. Kila taa ya trela ina waya wake wa kuleta umeme kutoka kwenye gari: mmoja wa breki, mmoja wa indiketa ya kushoto, mmoja wa kulia, na nyingine za taa ndogo. Lakini umeme ukishapita kwenye balbu, wote hurudi kupitia waya mmoja hasi, ule ambao mafundi huuita ethi, na pini moja tu ya soketi. Pini hiyo ikishika kutu, au waya wake ukilegea pale ulipofungwa kwenye chasi, njia haikatiki bali inabana. Chukua pikapu ya volti 12 inayovuta trela dogo, na tuseme kutu imeweka ukinzani wa nusu omu kwenye ethi. Ukiwasha taa ndogo moja ya wati 5, utapoteza kama sehemu ya tano ya volti moja, kiasi ambacho jicho halikioni. Sasa washa taa ndogo mbili, ukanyage breki yenye balbu mbili za wati 21, kisha upige indiketa ya wati 21. Hapo kinachopotea ni karibu volti 2 na nusu, na balbu zinabaki na kama 9 na nusu. Mwanga wa balbu ya waya hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Katika hesabu yetu, kila taa inatoa chini ya nusu ya mwanga wake, nazo ni taa zilezile zilizopita mtihani dakika chache zilizopita zikiwa moja moja.

Lori la volti 24 linavumilia zaidi, kwa kuwa wati zilezile huhitaji mkondo nusu. Uvumilivu huo ndio unaoiacha kutu ikue bila kuonekana. Tena semitrela ina mlango mwingine wa kudanganya: chuma kinagusa chuma pale trela linapokalia sahani ya kichwa, na umeme unaweza kurudi kupitia hapo hata kama waya wa ethi umekatika kabisa. Gari likiwa limesimama uwanjani, taa zinawaka. Likianza kuruka kwenye matuta, au grisi ikitenganisha vyuma hivyo viwili, taa zinaanza kuzimika na kuwaka. Fundi anaitwa, anabadilisha balbu, anapokea pesa yake, na wiki ijayo tatizo liko palepale. Dalili za ethi mbovu zinatambulika kwa urahisi ukizijua. Unakanyaga breki na taa ndogo zinafifia, au unapiga indiketa ya kushoto na taa nyingine za nyuma zinapepesa nayo. Umeme uliokosa njia ya kurudi unapenya kwenye balbu za jirani kutafuta njia nyingine. Ukiona hivyo, usinunue balbu.

Kwa ukanda wetu wa pwani kuna adui wa ziada. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevu hula shaba hadi iote ule ukungu wa kijani ambao kila fundi wa Tanga au Mombasa anaujua. Trela la kushushia boti lina hali mbaya zaidi kwa sababu taa zenyewe huzama majini. Kwa trela hilo, kuchomoa plagi kabla ya kuingia majini ni lazima, kwani balbu ya moto ikikutana na maji baridi hupasuka.

Basi jaribio linalofaa ni lipi? Chomeka plagi kwanza, kisha washa taa ndogo, washa hazadi, na mtu akanyage breki, vyote kwa wakati mmoja. Anayetazama nyuma asiishie kuuliza kama taa inawaka. Aangalie kama taa ndogo zinatulia wakati indiketa zinapowaka na kuzima. Atikise plagi kwa mkono. Kichwa kikatwe kona mpaka mwisho, kushoto na kulia, kwa sababu kebo inayofika vizuri gari likiwa limenyooka huweza kuvutika kwenye kona. Kama kuna shaka, chukua waya mnene, ushike upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye ethi ya taa ya trela. Mwanga ukiongezeka, mkosaji amepatikana. Hapa mita ya umeme inaweza kumpotosha hata mtu mwenye ujuzi. Mita haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo ikipima pini wakati hakuna taa inayowaka itasoma volti kamili hata kama waya umebaki na uzi mmoja. Balbu ya wati 21 iliyofungiwa nyaya mbili ni mpimaji mkweli zaidi, maana inaulazimisha waya kubeba mzigo.

Jambo la mpangilio wa pini nalo linataka uangalifu. Katika soketi ya pini 7 ya volti 24 iliyozoeleka kwenye malori, ethi ni pini namba 1. Katika ile ya volti 12 ya magari madogo, ethi ni namba 3. Zote mbili kwa kawaida hutumia waya mweupe, lakini trela lililokwisha kupita kwenye mikono mitatu ya mafundi huenda halina tena rangi za kuaminika. Fundi anayeunga kwa kukumbuka namba za gari dogo ataharibu lori, na pengine fyuzi itakatika. Akija mtu kukushauri uweke kipande cha waya mahali pa fyuzi, mkatalie. Fyuzi ikikatika inakujulisha kuna kasoro. Ukiifunga kwa waya, kitakachokujulisha safari nyingine ni moshi.

Wapo watakaosema gari lao limeshakaguliwa na lina stika. Ukaguzi ni jambo jema, ila unaeleza hali ya siku ile. Plagi ya trela huchomolewa na kuchomekwa kila kichwa kinapobadilishana trela, nayo huvuta vumbi na maji kila mara, kwa hiyo cheti cha miezi iliyopita hakiwezi kuisemea. Wengine watasema wameshafunga taa za LED. Hoja hii ina uzito. LED huvuta umeme kidogo sana, kwa hiyo ethi dhaifu haizidhoofishi haraka, na huwaka mapema kuliko balbu kwa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Kwa mwendo wa km 80 kwa saa, anayefuata nyuma anapata zaidi ya mita 4 za ziada. Lakini sifa hiyohiyo inaficha kutu mpaka siku waya unapokatika, na hapo taa zote hupotea kwa mpigo. Mwenye LED anahitaji kutazama pini zake kwa macho mara nyingi zaidi. Na anayesafiri bila utingo anaweza kurudisha trela karibu na ukuta jioni na kuutazama mwanga kwenye vioo vya pembeni, huku kijiti kikikandamiza pedali ya breki.

Pingamizi gumu zaidi ni la muda: mzigo unasubiriwa, foleni ya mizani ya Vigwaza au Mariakani ni ndefu, na tajiri anapiga simu. Namwelewa dereva huyo. Ila amfikirie pia anayekuja nyuma yake. Kwa km 80 kwa saa, basi husogea mita 22 kila sekunde. Dereva wake akihitaji sekunde moja na nusu kutambua kwamba lori la mbele linapunguza mwendo, ameshatembea mita 33 bila kugusa breki. Hesabu hiyo inadhani taa za breki zinaonekana. Kwenye mteremko wa Kitonga usiku, taa zilizofifia nusu kwa ajili ya kutu, zikafunikwa na vumbi juu yake, haziwezi kumpa hata nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo viakisi vya nyuma navyo vifutwe kila safari, kwani havihitaji umeme na ndivyo vitakavyobaki taa zote zikizima.

Kazi nzima haizidi dakika 10, na vifaa vyake ni brashi ndogo, msasa laini, grisi kidogo, balbu moja na kipande cha waya. Dereva unayesoma haya, leo kabla ya kuwasha injini inua kifuniko cha soketi, uitafute pini ya ethi. Kama ni ya kijani, isafishe kwanza ndipo uondoke.