Kuvu Inayozuia Kuvu

Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa Kenya, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi: ikiwa ndani ya punje, itakuwemo kwenye ugali na githeri.

Inatengenezwa na Aspergillus flavus, kuvu inayoishi udongoni na kwenye mabua makavu. Joto na ukame vikiuchosha mmea wakati wa kutoa ndevu, kuvu huingia kwenye gunzi shambani, kabla mkulima hajafikiria ghala. Ndiyo maana Siakago na Kiritiri, Embu ya chini, pamoja na Meru inayoteremkia Tharaka, ziko hatarini kuliko Runyenjes kwenye baridi ya mlima. Wa juu naye asijisahau. Mahindi yake hukauka polepole, na unyevu una hatari zake.

Mtafiti Dkt. Charity Mutegi aliifuata sumu hii kupitia karanga kwanza. Utafiti wake wa uzamivu, katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, ulihusu karanga za Busia na Homa Bay. Baadaye akaongoza kazi ya kuleta nchini Aflasafe, bidhaa ya kupunguza sumukuvu shambani, na mwaka 2013 akapewa tuzo ya Norman Borlaug ya watafiti wa mashambani. Ninachokipenda zaidi katika kazi hiyo ni kwamba haikuanza kwa kutafuta dawa ya kuua kuvu.

Si kila A. flavus hutoa sumu. Peter Cotty, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwenye pamba ya Arizona kwamba aina zisizo na sumu zikitangulia shambani, zile za sumu hukosa nafasi. Ni kama matatu iliyojaa stendi ya Embu: anayechelewa hana pa kukaa. Kwa Kenya zilichaguliwa aina nne za humuhumu nchini, zikapakwa kwenye mtama uliokaangwa ili usiote. Bidhaa hiyo, Aflasafe KE01, ilisajiliwa mwaka 2015.

Mkulima hurusha kilo 4 kwa ekari kwa mkono, wiki mbili au tatu kabla ya mbelewele kutoka, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu huchipuka juu ya mtama, kisha upepo na wadudu huzisambaza mbegu zake. Sumu inaweza kupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Lakini ukianika mahindi kwenye udongo mtupu badala ya turubai, au ukayafungia guniani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, umeiharibu kazi yako mwenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Meru na Tharaka-Nithi, ulizibadilishia familia mahindi machafu kwa safi. Sumu ilipungua katika damu ya watoto, ingawa mwishoni tofauti ya kimo haikuonekana wazi.

Kikwazo kikubwa, naona, ni soko. Mnunuzi huuma punje kupima ukavu, lakini sumu haina ladha, na bei inabaki ileile. Ingefaa vikundi vya wakulima vipime sumu kwa pamoja na viuze moja kwa moja kwa wasagaji, ambao sheria inawabana wasizidi sehemu 10 kwa bilioni.