Je, Wajua Kwa Nini Mfuniko wa Wota-bathi Una Mgongo?

Ukiingia maabara ya hospitali utaonyeshwa hadubini kwanza, kisha mashine ya kuhesabu chembe za damu. Hakuna atakayekuonyesha lile sanduku la chuma cha pua lililo kando ya sinki, limejaa maji ya vuguvugu na limetulia kimya. Wageni hudhani ni la kuoshea vyombo. Ni wota-bathi, na mimi nalipenda. Kinachoniudhi ni kuona linatunzwa kama sufuria ya kuchemshia mihogo.

Mpika mikate huingiza mkono kwenye tanuri lenye nyuzijoto 200, akageuza mkate na kuutoa mkono bila lengelenge. Mwambie auchovye mkono huohuo kwenye maji ya nyuzi 100, uone kama atakubali. Hewa ni mchukuzi mvivu wa joto. Maji hulipitisha zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ndiyo maana neli yenye damu ikitumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 37 hupata joto upesi, na hulipata pande zote. Tena maji hayana papara. Kuzipandisha lita 10 kutoka nyuzi 25 hadi 37, hita ya wati 1,000 huhitaji dakika 8 na nusu hivi. Kinachochelewa kupata moto huchelewa pia kupoa, basi umeme ukikatika kidogo, sampuli haina habari.

Sasa tuje kwenye mfuniko, ambao aghalabu utaukuta umeegemezwa ukutani au umegeuzwa sinia la kuwekea kalamu. Kila gramu ya maji inayotoroka kama mvuke huondoka na jouli kama 2,400. Joto hilo lingetosha kuzipasha gramu 100 za maji kwa karibu nyuzi 6. Beseni lililo wazi, basi, ni hita inayopasha dari la chumba. Usiku kucha maji hushuka, na asubuhi neli zimebaki miguu majini, vichwa nje: chini zina nyuzi 37, juu zina joto la chumba. Majibu yakitoka ya ajabu, kemikali ndiyo inayolaumiwa.

Na ule mgongo? Mfuniko mzuri umeinuka katikati kama paa la nyumba. Mvuke ukigusa chuma kilichopoa hugeuka matone. Mfuniko ungekuwa bapa, matone yangedondokea kwenye neli zilizo wazi na kuzimua sampuli. Kwa kuwa umeinama, matone huteleza hadi ukingoni na kurudi walikotoka wenzao. Fundi aliyebuni umbo hilo alielewa mvua kuliko sisi tunaoutupa mfuniko wake kabatini.

Jambo jingine: usiziamini tarakimu za mbele ya beseni. Chovya kipimajoto ndani ya maji, usome mwenyewe. Na ukiwa Nairobi au Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hata ukiliamuru beseni lifike 100, maji yatachemka kwenye 94 au 95 na hayatapanda zaidi. Maelekezo ya kipimo yaliyoandikwa pwani hayajui mlima.

Niliwahi kufika mahali nikakuta maji ya beseni yana utelezi wa kijani. Humohumo ndimo mifuko ya plazma iliyogandishwa ilikuwa ikiyeyushwa kabla ya kupewa mgonjwa. Bakteria kama Pseudomonas hustawi kwenye maji ya namna hiyo, ndiyo maana mfuko wa plazma huvikwa mfuko mwingine kwanza. Stoo ya jirani ilikuwa na mabeseni mengine mawili, yamehesabiwa kuwa mabovu. Hita zake zilikuwa zimevaa magamba meupe ya maji ya kisima, kama birika la nyumbani. Magamba hayo siki huyatoa. Sisi tunaandika barua ya kuomba mfadhili.

Kazi za wota-bathi? Kupima ulinganifu wa damu kwenye nyuzi 37. Kutuliza seramu kwenye 56 kwa dakika 30. Kuiweka agari kwenye 45 hadi 50 isigande kabla ya kumiminwa. Kupima vijidudu vya kinyesi katika maji ya kunywa kwenye nyuzi 44 na kidogo. Kuyeyusha sampuli zilizotoka kwenye friza. Hata mwanafunzi anayechemsha jani ndani ya spiriti huweka neli yake kwenye bika la maji moto, asije akailipua maabara.

Ijumaa, kabla ya kufunga mlango, mwaga maji hayo, futa beseni kwa kitambaa laini, uliache wazi likauke. Jumatatu jaza maji yaliyokenekwa. Kisha rudisha mfuniko.