Kivu: Rato gani ya majani makavu inamfaa mfugaji mwenye ng'ombe wachache?

Mwezi wa sita ukifika, mvua inapungua Kivu na malisho yanaanza kukauka. Kwenye uwanda wa Ruzizi, upande wa Uvira, majani yanageuka rangi mapema. Kwenye milima ya Masisi, Kabare na Walungu yanabaki kijani muda mrefu zaidi, lakini hayaoti tena kwa nguvu. Maziwa yanapungua. Kupeleka ng'ombe kwenye malisho ya mbali, familia nyingi zinaogopa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Na ng'ombe akiingia katika shamba la maharagi la jirani, kesi imeanza.

Njia moja ya kuvuka kiangazi bila kuuza mnyama kwa bei ya hasara ni kukata majani wakati bado ni mengi, kuyakausha na kuyaweka akiba. Kwa kukata, panga au kupekupe iko karibu katika kila nyumba. Shida inakuja wakati wa kugeuza na kukusanya: mfugaji achukue rato gani?

Kabla ya kwenda dukani, afanye kwanza hesabu ya ng'ombe wake. Ng'ombe wa kilo 250 anakula karibu kilo 6 za majani makavu kwa siku. Kama nusu ya chakula hicho inatoka kwenye akiba, ni kilo 3 kwa siku, yaani kilo 270 kwa siku 90. Mwenye ng'ombe watatu anahitaji karibu kilo 810. Kiasi hicho kinaweza kutoka kwenye hekta moja ya malisho yaliyotunzwa vizuri, pengine hata chini yake. Kwa eneo kama hilo, mikono ya watu wa nyumbani inatosha.

Lakini si kila rato ya mkono inafaa. Ile ya chuma inayouzwa kwa ajili ya bustani imetengenezwa kusawazisha udongo. Ni nzito, meno yake ni mafupi na yanachimba chini. Ukiivuta juu ya majani, inakusanya pia udongo na mawe madogo. Kwenye maeneo ya Nyiragongo na Rutshuru, ambako mawe ya volkano yametapakaa, tatizo linakuwa kubwa zaidi. Ng'ombe anaacha majani yenye udongo, na kuvu inaingia haraka.

Rato ya majani ni ya mbao na ni nyepesi. Kichwa chake kina upana wa karibu sentimita 70, na meno ya mbao yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10 yanayopita juu ya udongo bila kuuchimba. Mpini uwe mrefu, karibu kimo cha mtu anayeutumia, ili afanye kazi akiwa amesimama wima. Mpini mfupi unaumiza mgongo kabla ya saa sita. Seremala wa kijijini anaweza kuitengeneza: mpini wa mwanzi au mti mwepesi, meno ya mti mgumu uliokauka vizuri. Mfugaji ahakikishe kwamba kila jino linaweza kutolewa na kubadilishwa. Jino likivunjika shambani, anachonga lingine palepale.

Rato za kuvutwa na trakta zina mahali pake. Ile ya magurudumu yenye meno inazungushwa na ardhi yenyewe inapovutwa, kwa hiyo haihitaji trakta yenye nguvu nyingi, lakini nayo inaweza kuchanganya mawe na majani. Ile inayozungushwa na mota ya trakta inakusanya kwa usafi zaidi, lakini bei yake iko juu. Zote mbili zinahitaji uwanja mpana na tambarare. Kwenye miteremko ya Masisi, kwa mwenye hekta moja, mashine kama hizo ni deni tu. Katika uwanda, wafugaji kadhaa wenye trakta ya pamoja wanaweza kufikiria ununuzi huo, kama wana uhakika wa kupata vipuri.

Rato nzuri bila saa nzuri haisaidii. Majani yakatwe yanapoanza kutoa maua, mara mvua inapokatika, mwisho wa mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa sita. Yakingojwa mpaka yazeeke, yanakuwa kama fito, chakula kimekwisha ndani. Yakatwe asubuhi umande ukishakauka, na yageuzwe siku hiyohiyo. Kama yamechanganyika na mimea ya jamii ya maharagi, kama desmodiamu, yakusanywe kabla hayajakauka kabisa, kwa maana majani yake madogo ndiyo yenye chakula kingi, nayo ndiyo yanadondoka kwanza. Mahali pa ukungu, ni bora kumalizia kuyakausha juu ya miti mitatu iliyosimamishwa na kufungwa juu, yasiguse udongo.

Mfugaji achukue konzi moja aisokote. Ikitoa unyevu mkononi, bado. Majani ya kuweka akiba hayapaswi kuzidi unyevu wa asilimia 15 hadi 18. Yakifungiwa mabichi yanapata joto, yanaota kuvu, na lundo kubwa linaweza hata kuwaka moto.

Kwa kuyafunga, sanduku la mbao lisilo na chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, linatoa fungu la karibu kilo 20. Kwa wale ng'ombe watatu ni mafungu 41. Pesa ambayo haikwenda kwenye mashine inaweza kununua shitingi au mabati ya kuyafunika, kwa maana mvua ya mwezi wa tisa haingojei mtu.