Bakteria wa Wanafunzi Huzuiwaje Kutoka Maabara?

Shindano la kimataifa la iGEM, lililoanza mwaka 2004 katika Chuo cha MIT nchini Marekani, huwakutanisha wanafunzi wanaobuni vijidudu vyenye vinasaba vilivyopangwa upya. Kanuni zake haziruhusu vijidudu hivyo kutolewa nje ya maabara.

Timu nyingi hutumia bakteria wa Escherichia coli aina ya K-12, ambao asili yao ni sampuli ya mwaka 1922 na ambao, kwa kukuzwa maabarani miaka mingi, wamepoteza uwezo wa kustawi katika utumbo wa binadamu. Baadhi ya timu huongeza jeni ya kuwaua bakteria wakitoroka. Ubunifu huo unavutia, lakini hautoshi: bakteria hugawanyika takriban kila dakika 20, na akipatikana mmoja ambaye jeni hiyo imeharibika, huyo huishi na kuzaana.

Kwa hiyo kinga ya mwisho ni kazi ya mikono. Taka zote, hata ncha za pipeti, hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida katika nyuzi joto 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi. Mdomo wa mfuko huachwa wazi kidogo. Ukifungwa kabisa, mvuke haufiki ndani na bakteria hubaki hai.