Insha Moja, Alama Tisa

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1961 unastahili kusomwa na kila mwalimu wa lugha. Paul Diederich na wenzake wawili wa Educational Testing Service walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, wakawapa wasomaji 53, wakiwemo wahadhiri, wahariri, wanasheria na wafanyabiashara. Kila mmoja alitakiwa kuzipanga katika ngazi tisa za ubora kwa kadiri alivyoona mwenyewe. Insha 101 zilipata alama zote tisa, tangu ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Hakuna hata moja iliyopata chini ya alama tano tofauti!

Wasomaji hao hawakuwa wazembe. Kila mtu alikuwa na lake: huyu alitazama mawazo, yule makosa ya sarufi na hijai, mwingine mpangilio, msamiati au mtindo.

Rubriki, yaani jedwali la vigezo vya kutuza, hukusanya mambo hayo mahali pamoja. Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, insha ya Kiswahili hutuzwa kwa alama 20. Mtahini huamua kwanza kiwango: D ni 1 hadi 5, C 6 hadi 10, B 11 hadi 15, A 16 hadi 20. Kila kiwango kina maelezo yake, ndipo alama kamili ifuate.

Nguvu yote imo katika maelezo hayo. "Mtindo wa wastani" haumfundishi mwanafunzi lolote. Lakini akisoma kwamba "kila aya ina hoja moja, ila viunganishi ni vilevile," anajua pa kuanzia. Shule zinazofuata mtaala wa umilisi Kenya zimezoea viwango kama "kufikia matarajio" na "kukaribia matarajio". Mzazi anayeletewa maneno hayo matupu ana haki ya kuuliza: matarajio yapi?

Jedwali lenye vigezo vingi mno nalo huchosha, na mwanafunzi mbunifu huweza kuandika kwa hofu. Vigezo vinne au vitano vyatosha.

Walimu, msilifungie jedwali kabatini likangoja siku ya kusahihisha. Wapeni wanafunzi siku mnayotoa zoezi, walitumie kusahihishana rasimu kabla ya kuwaletea kazi.