Majani yanayokula mahindi: soya na karanga zinaweza kuyadanganya

Mwezi wa pili, mvua ingali inanyesha, lakini katika mashamba mengi kando ya Lubumbashi mahindi yanageuka manjano na kukunjamana sawa yamekosa maji. Chini yake kunasimama mumea mudogo wenye maua mekundu, urefu wake haupiti kiwiko. Bantu banasema: shamba limelogwa. Hata jina lake la kitabu, striga, kwa Kilatini ni mulozi. Tanzania wanauita kiduha. Lakini hapa hakuna jirani wa kushitaki. Ni mumea unaoiba, na namna yake ya kuiba inajulikana.

Kwa familia za mine jambo hili si dogo. Mushahara unaishia ku nyumba, ku masomo ya watoto na ku dawa. Njo mahindi ya shamba yanajaza pengo. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipotoka kazini kwa "départ volontaire" ya mwaka 2003, wengi walibaki na jembe paka. Na Zambia ikifunga mupaka kwa unga wake, bei ya mufuko kwetu inapanda mbio. Mama akikosa mifuko mitano shambani, ni mifuko mitano ya kununua ku soko.

Sasa tuone mwizi anavyofanya kazi. Mbegu ya striga ni ndogo sawa vumbi. Mumea mumoja unatoa makumi ya maelfu ya mbegu, na zinaweza kulala ndani ya bulongo zaidi ya miaka 10 bila kufa. Haziamki na mvua peke yake. Zinangoja alama. Muzizi wa hindi unatoa kemikali kidogo sana, na mbegu ya striga iliyo karibu inaisikia, sawa vile mutu anasikia harufu ya nyama jirani. Inaota, inajishikiza ku muzizi, inaanza kunyonya maji na chakula. Siku unaona maua mekundu, hasara kubwa imekwisha kufanyika kule chini. Njo maana kunyunyiza dawa ya duka wakati huo hakurudishi mahindi.

Juu ya nini hindi linamuita adui yake? Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walipata jibu: alama ile inaita kuvu njema za ndani ya bulongo, zinazosaidia muzizi kupata chakula, zaidi fosfori. Striga imejifunza kusikiliza mazungumuzo ya wengine. Bulongo ikichoka, muzizi unaita kwa nguvu zaidi, na striga inasikia vizuri zaidi. Kwa hiyo shamba linalolimwa mahindi kila mwaka bila mbolea linajichimbia shimo.

Lakini anayeongozwa na harufu anaweza kudanganywa na harufu. Mwaka 1966, Marekani, wataalamu walitoa kemikali ya kwanza ya namna hiyo ndani ya mizizi ya pamba. Ajabu ni kwamba striga haili pamba. Mbegu yake inaitika mwito, inaota, inatafuta muzizi wa kunyonya, haupati. Baada ya siku chache inakufa. Soya na karanga pia zinaita hivyo. Mwaka zinapokaa shambani, mbegu nyingi za striga zinaamka bure na kufa, wala hazirudi tena kungoja mahindi.

Kule Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa ICIPE walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili kufukuza wadudu wanaotoboa shina. Wakaona kitu hawakukitafuta: striga ilipungua sana. Mizizi ya desmodiamu inaamsha mbegu, na tena inatoa kemikali nyingine zinazoizuia kujishikiza ku hindi. Majani yake ni chakula cha mbuzi na ngombe. Shida ni kwamba mbegu yake si ya kupata kirahisi. Soya na karanga ziko ku soko zetu tayari.

Tusidanganyane: hii si dawa ya musimu mumoja. Mbegu zilizo mbali na mizizi ya soya zitabaki zimelala. Kila aina ya soya haiiti kwa nguvu sawa. Lazima kuzungusha miaka kadhaa: soya, mahindi, karanga, mahindi. Ukiona striga, ing'oe kabla haijatoa mbegu, uichome moto, usiitupe kando ya njia. Jembe lililotoka shamba lenye striga lioshwe, juu vumbi linaloshika ku chuma linaweza kubeba mbegu mpaka kwa jirani. Samadi ya mbuzi au mboji nayo inasaidia, kwa sababu muzizi ulioshiba hauiti sana.

Kuna bei ya kulipa. Ukitoa nusu ya shamba kwa soya, mwaka huo mahindi yatapungua, na baba atauliza: bukari tutakula na nini? Jibu ni hesabu. Ile nusu iliyoshikwa na striga haikuwa ikitoa mahindi ya maana. Soya inauzwa, inasagwa kwa uji wa watoto, na inaacha chakula ndani ya bulongo kwa mahindi ya mwaka unaofuata.

Basi kabla ya mvua ya mwezi wa 11, mume na muke wakae chini, wakumbuke ni wapi maua mekundu yalikuwa mengi, wapige mambo. Soya ianze paka pale, hata kama ni mistari kumi tu.