Gari Langu Lanywa Maji ya Tana

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30, na leo naungama mbele ya wasomaji ya kwamba katika muda wote huo sikuiamini hata siku moja. Mimi ni mtu wa mbio. Wako wapendao kandanda, wako wapendao taarabu, na mimi Mungu alinijalia mapenzi ya usukani.

Ugonjwa huu ulinianza Pasaka ya mwaka 1974, nikiwa mtoto hapa Golbanti, tulipojazana kandoni mwa redio ya jirani kusikiliza Safari Rally. Mwaka huo Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer, baada ya kushinda mwaka 1965 kwa Volvo, na akaja kushinda tena mwaka 1976. Kijiji chetu hakikuwa na gari la mashindano. Chombo tulichokijua sana kilikuwa mtumbwi, na mtumbwi, hata ukipigwa kafi namna gani, haumpigi Joginder. Hata hivyo, tangu siku ile nilijiapiza kwamba nitakapokuwa mtu mzima nitaendesha gari lenye nguvu, nami nitaliendesha upesi.

Ahadi hiyo niliitimiza kwa magari ya petroli, moja baada ya jingine, na kila moja likila mshahara wa mwalimu kama mchwa alavyo mlango. Hatimaye, nilipostaafu mwaka 2024, nilichukua sehemu ya kiinua mgongo nikanunua gari la umeme lililokwisha kutumika Japani, likashushwa bandarini Mombasa. Mota yake ina nguvu za farasi 200 na ushei. Betri yake, ilipokuwa mpya, ilibeba kilowati-saa 62. Jamaa zangu walidhani nimerukwa na akili. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi: njia itokayo kijijini hadi kwenye lami ni ya udongo mweusi, mvua ikinyesha hugeuka kuwa ugali, na mafuriko ya mwaka huo yalikuwa yamepungua juzi tu.

Labda msomaji atauliza: gari lisilo na mngurumo lina raha gani kwa mpenda mbio? Nilijiuliza hivyo hivyo. Injini ya petroli hukusanya nguvu zake polepole. Sharti izunguke kwanza, ipande, gia zibadilishwe, ndipo itoe uwezo wake wote. Mota ya umeme haina subira hiyo. Msukumo wake mkubwa hupatikana tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, bila klachi wala kubadilisha gia. Siku ya kwanza nilipokanyaga mafuta (tazama jinsi lugha ilivyobaki nyuma, kwani hakuna mafuta yoyote ya kukanyaga) kofia yangu iliruka kiti cha nyuma, na mke wangu akaanza kusali kwa sauti.

Wala jambo hili si geni kama vijana wanavyodhani. Gari la kwanza duniani kupita kilomita 100 kwa saa halikuwa la petroli. Lilikuwa la umeme, nalo liliitwa La Jamais Contente. Mbelgiji Camille Jenatzy aliliendesha karibu na Paris mwezi Aprili 1899, likafikia karibu kilomita 106 kwa saa. Basi mbio za umeme zina umri kuliko karibu kila kitu tunachokiita cha kisasa. Kilichozishinda kwa muda mrefu ni ghala: kwamba umeme ni mgumu kuuweka akiba.

Hapo ndipo somo langu lilipoanzia. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Kwa hesabu hiyo, betri yangu yote, iliyojaza sakafu ya gari na yenye uzito wa mamia ya kilo, imebeba nishati sawa na lita 7 tu za petroli. Lita saba! Mpenda mbio wa zamani angezimaliza kabla ya chai ya saa nne. Gari langu hufika mbali kwa sababu mota ya umeme hugeuza takriban tisa kwa kumi ya nishati kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kwa joto na moshi. Kwa maneno mengine, gari la petroli ni tajiri mbadhirifu, na la umeme ni maskini mwenye hekima. Lakini ole wake maskini huyo akianza kuishi kitajiri.

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 120, kasi umeizidisha mara moja na nusu, lakini ukinzani wa hewa umeuzidisha zaidi ya mara mbili. Kanuni hiyo niliiona katika vitabu nikiwa kijana, nikaifaulu katika mtihani, nikaisahau. Gari hili limenirejesha darasani. Mbele ya macho yangu kuna tarakimu inayoonyesha akiba iliyobaki, na kila mara mguu wangu unapojitia ushujaa, tarakimu ile huporomoka kama bei ya embe wakati wa msimu.

Kuchaji nako ni elimu ya subira. Nyumbani nina paneli za jua zinazotosha taa, redio na simu, basi. Kwa hivyo gari hulichajia Garsen, dukani kwa binamu yangu, nami ndimi ninunuaye tokeni. Soketi ya kawaida hutoa umeme kidogo kidogo. Betri ikiwa tupu, hata siku nzima usiku na mchana haitoshi kuijaza. Gari huliacha Ijumaa jioni, nikalichukua Jumapili baada ya ibada. Nalo joto la huku kwetu si rafiki wa betri, kwa hiyo nimejengea gari kivuli cha makuti kizuri kuliko kibanda cha kuku wangu, jambo ambalo mke wangu hulitaja mara kwa mara.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi Februari 2025 nilikwenda Malindi kwa shughuli zangu, mwendo wa takriban kilomita 110 kutoka Garsen. Nilikwenda kwa adabu. Wakati wa kurudi, kijana mmoja mwenye gari jipya la petroli alinipita kwa kejeli, akapiga honi na kunicheka. Ninyi mnaonijua mtakisia yaliyofuata. Barabara ilikuwa nyoofu, jua limeanza kulala, na ndani yangu yule mtoto wa mwaka 1974 aliamka. Nilimfuata, nikampita, naye akanipita, nami nikampita tena. Tulivunja sheria ya mwendo, nami sijivunii. Nilipoiacha lami na kushika njia ya kwetu, betri ilikuwa imebakiwa na asilimia 8. Sikujali. Nilijiambia kwamba kesho nitakwenda Garsen polepole, nichaji. Nililala usingizi wa mshindi.

Yapata saa tano za usiku mlango ukabishwa. Alikuwa mzee jirani yangu. Binti yake, ambaye niliwahi kumfundisha, alikuwa na uchungu wa uzazi tangu asubuhi; mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga wa zahanati alisema apelekwe Malindi bila kukawia. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda safari nyingine.

"Mwalimu," mzee akaniambia, "tumesikia gari lako linakimbia kuliko yote. Leo ndiyo siku yake."

Nilitoka naye hadi kwenye kile kivuli cha makuti, nikawasha gari, nikaitazama ile tarakimu. Asilimia 8. Chaji hiyo isingetufikisha hata robo ya safari. Nilijaribu kumweleza mzee, na kila neno nililolitamka lilizidi kunivua nguo. Mtu aliyekuja kuomba mbio nilimpa mahubiri ya kilowati-saa. Aliniacha nikiwa bado nasema, akaenda zake gizani kutafuta gari jingine. Karibu saa mbili zilipita kabla ya kupatikana Probox moja kuukuu, yenye taa moja na mlango uliofungwa kwa kamba. Nilikaa kiti cha nyuma nikimshikilia binti yule begani, na njia nzima hadi Malindi nikahesabu kilomita zile zile nilizozichezea jioni.

Namshukuru Mungu, mama na mtoto wote wamepona. Lakini hakuna atakayeniambia kwamba zile saa mbili hazikuwa deni langu. Mzee hakunilaumu. Wiki moja baadaye tulikutana njiani, akalitazama gari na kusema tu: "Mwalimu, gari zuri. Siku nyingine lilishe." Nimewahi kupewa barua za onyo katika utumishi wangu, na hakuna hata moja iliyonichoma kama maneno hayo.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria: gari halilali na chini ya nusu ya chaji. Na nimejifunza uendeshaji ambao Joginder, nadhani, angeuelewa, maana Safari ya zamani haikushindwa na aliyekanyaga kuliko wote, bali na aliyefikisha gari likiwa zima. Naachia mguu mapema ili mota igeuke kuwa jenereta na kurudisha umeme betrini. Nausoma upepo. Napunguza mwendo kabla ya kona badala ya kuvunja breki ndani yake. Raha haijapungua. Imehama kutoka mguuni ikaja kichwani.

Lakini nisiwe mwalimu anayejichapa mwenyewe kisha akafunga darasa. Kosa la usiku ule lilikuwa langu. Upungufu ulioufanya kosa langu liwe zito si wangu peke yangu. Tujiulize: umeme huu watoka wapi? Pamoja na mvuke wa Olkaria na upepo wa Marsabit, fungu kubwa la umeme wa nchi hii limetokana na mto huu huu unaopita nyuma ya nyumba yangu. Kindaruma ilianza mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa yote matano yamejengwa juu ya mto Tana. Hivyo gari langu lanywa maji ya Tana, maji yale yale yanayonywewa na ng'ombe wa Waorma na mipunga ya Wapokomo.

Nasi tulio mwisho wa mto twayajua maji hayo kwa sura yake nyingine. Twaikumbuka El Nino ya mwaka 1997 na 1998. Mwishoni mwa 2023 na tena mwaka 2024, mvua zilipokuwa kubwa na mabwawa yakafurika, watu wa bonde hili walihama na vyakula vyao vichwani, na barabara ya kuelekea Lamu ikakatika. Kutoka kwetu taifa limepata hata muziki wa wimbo wake, kwani asili yake ni bembelezo la Wapokomo. Umeme wa msongo wa kilovolti 220 watoka Rabai, wapita Malindi na Garsen hadi Lamu, juu ya vichwa vyetu. Lakini katika safari zangu zote baina ya Malindi na Garsen, sijakuta mahali hata pamoja pa kuchajia gari.

Serikali imesema mengi mazuri kuhusu vyombo vya umeme. Mwezi Septemba 2023 Rais William Ruto alijiendesha mwenyewe katika kigari kidogo cha umeme hadi kwenye mkutano wa tabianchi jijini Nairobi, na mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria mjini humo tangu 2022. Mambo hayo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, chombo cha umeme kisiwe pambo la mji mkuu. Kituo kimoja cha kuchajia upesi pale Garsen kingewafaa wenye magari, wenye bodaboda, na siku moja gari la wagonjwa lisilosubiri petroli. Bonde linalotoa maji na kupokea mafuriko lina haki ya kupata soketi.

Nanyi vijana mlio shuleni, hasa mnaopenda mbio kama mimi, siwakatazi. Nchi inahitaji watu wanaopenda mashine hata wakazielewa. Jifunzeni fizikia yenu vyema, maana magari haya yatahitaji mafundi wanaoelewa volti na ampea kama mafundi wa jana walivyoelewa grisi na spana. Ila kabla ya kukanyaga, jiulizeni nguvu mnayoichezea imetoka wapi, na ni nani atakayeihitaji usiku wa leo.

Mimi bado naendesha. Kila Jumapili baada ya ibada nalichukua gari langu Garsen likiwa limejaa, nashika njia ya nyumbani polepole. Mtoto aliyezaliwa Malindi usiku ule amekwisha anza kutembea, na mama yake hunitania kwamba siku atakapokwenda shule, nitampeleka mimi. Nimemwambia aniarifu mapema, nilishe gari.